Miners wa El Paso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Timu za UTEP

Maswali haya huulizwa na vijana wanaotafuta ufadhili wa masomo Marekani, na wazee wanaokumbuka kusikiliza mbio za Olimpiki ya Moscow 1980 redioni. Majibu hayana urefu sawa. Pale penye hadithi nimekaa kitako, penginepo nimepita haraka.

UTEP ni chuo gani hasa?

Ni kifupi cha University of Texas at El Paso, chuo kikuu cha umma kwenye pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Texas. Ukisimama hapo chuoni unaiona Ciudad Juárez ya Mexico, ng'ambo ya mto Rio Grande, na wanafunzi wengi wana asili ya Mexico. Kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, ndiyo sababu timu zake zote, za wanaume na za wanawake, huitwa Miners, yaani wachimba madini. Jina la chuo lenyewe limebadilika zaidi ya mara moja. Kati ya 1949 na 1967 kiliitwa Texas Western College, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa: Texas Western waliotwaa ubingwa wa kikapu mwaka 1966 ndio hawa hawa UTEP.

Majengo yake yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan, nchi ya milima ya Himalaya: kuta zilizoinama kidogo na mapaa mapana yaliyotokeza nje. Mke wa mkuu wa kwanza wa shule aliona picha za Bhutan kwenye jarida, na shule ilipoungua mwaka 1916 ikahamia mahali pengine, wazo lake likafuatwa. Mgeni anayekuja kutazama mechi hudhani kapotea njia.

Mimi ni Mtanzania. Chuo cha Texas kinanihusu nini?

Kinakuhusu kwa sababu ya Suleiman Nyambui, kwa kuanzia. Hadi leo Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Nyambui katika mita 5,000, alipomaliza nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Nyambui huyo alikuwa wakati huo mwanafunzi wa UTEP, akiivalia jezi ya rangi ya chungwa na bluu kwenye mashindano ya vyuo.

Alishinda mita 10,000 za vyuo vyote vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 akaongeza ubingwa wa mbio za nyika. Baadaye, alipogeukia marathoni, alishinda Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Wengi nyumbani wanamfahamu zaidi kama kiongozi wa zamani wa Riadha Tanzania, lakini kule El Paso bado ni mmoja wa wanariadha wakubwa waliopata kupita chuoni.

Wala hakuwa peke yake. Zakaria Barie alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 1983. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na mita 10,000 mwaka 1982, naye alipita hapo. Kwa mtu wa rika langu, ni ajabu kwamba historia ya riadha ya Tanzania iliandikwa kwa sehemu kubwa kwenye mji wa jangwani ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani.

Mataji 21 yanayotajwa ni yapi?

Ni mataji ya kitaifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Saba ni ya mbio za nyika (1969, 1975, 1976, 1978, 1979, 1980, 1981). Saba ni ya riadha ya ndani ya ukumbi (1974, 1975, 1976, 1978, 1980, 1981, 1982). Sita ni ya riadha ya uwanjani (1975, 1978, 1979, 1980, 1981, 1982), la 1978 wakiligawana na UCLA. Moja ni la mpira wa kikapu.

Hesabu hiyo irudie taratibu. Ishirini kati ya 21 yameletwa na wakimbiaji, warukaji na warushaji. Lakini mtu yeyote akitaja chuo hiki, kinachozungumzwa ni lile moja la kikapu. Kocha Ted Banks, aliyekiongoza kikosi cha riadha katika miaka yake ya neema, hatambuliwi na watu wengi nje ya mchezo huo. Naliona hilo kuwa si haki, ingawa nitakapofika kwenye swali la 1966 utaona kwa nini limetokea.

Mbio za nyika huhesabiwaje? Timu inashindaje wakati kila mtu anakimbia kivyake?

Kila timu huleta wakimbiaji saba. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Ukiwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, jumla ni 15, na hapo hakuna anayeweza kukupita. Mwaka 1981 UTEP walipata 17. Mbili tu juu ya ukamilifu, dhidi ya vyuo vyote vya nchi nzima, na hakuna timu iliyowahi kufika chini ya hapo katika fainali hizo. Waliofuata, Providence, walikuwa na zaidi ya 100. Bingwa binafsi siku hiyo alikuwa mwenzao wa timu kutoka Afrika Kusini, Mathews Motshwarateu.

Haya, kilitokea nini mwaka 1966?

Tarehe 19 Machi 1966, katika ukumbi wa Cole Field House jimboni Maryland, Texas Western waliingia fainali ya kikapu dhidi ya Kentucky. Kentucky walikuwa chini ya kocha Adolph Rupp, jina zito kuliko yote katika mchezo huo wakati ule, na wachezaji wao wote walikuwa wazungu. Kocha wa Texas Western, Don Haskins, aliwaanzisha wachezaji watano weusi: Bobby Joe Hill, David Lattin, Orsten Artis, Willie Worsley na Harry Flournoy. Jambo hilo halikuwahi kufanyika katika fainali ya ubingwa wa vyuo. Kutoka benchi akawaingiza Nevil Shed na Willie Cager, nao weusi. Usiku ule ni hao saba tu waliogusa uwanja upande wake.

Mapema kabisa Lattin alipiga danki lililoutikisa ukumbi. Kisha Hill, kijana mfupi mwenye mikono myepesi, akawanyang'anya mpira walinzi wa Kentucky mara mbili mfululizo na kufunga. Mchezo haukugeuka tena. Texas Western walitia mitupo huru 28 kati ya 34 na kushinda 72 kwa 65. Msimu mzima walikuwa wamepoteza mchezo mmoja tu, dhidi ya Seattle.

Kumbuka hali ya wakati ule. Vyuo vingi vya kusini mwa Marekani havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Palikuwa na imani, iliyosemwa waziwazi na watu waliosoma, kwamba timu ya weusi watupu isingeweza kutulia wala kucheza kwa akili mchezo ukibana. Timu ya Haskins ilijulikana hasa kwa ulinzi na subira, yaani yale yale waliyoambiwa hawayawezi. Haskins mwenyewe alisema kila mara kwamba hakuwa akipigania jambo lolote, aliwachezesha watano bora alionao. Namwamini, na naona jibu hilo lina uzito kuliko hotuba. Baada ya ushindi alipokea barua nyingi za matusi na vitisho.

Mwaka 2007 timu nzima iliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu lenye jina la Naismith.

Don Haskins alikaa muda gani?

Tangu 1961 hadi 1999, chuo kimoja, ushindi 719. Alipofika mara ya kwanza yeye na familia yake waliishi ndani ya bweni la wanamichezo. Alikuwa mkali, wachezaji wakamwita Dubu. Katika mikono yake walipita Nate Archibald na Tim Hardaway, ambao baadaye walitamba katika NBA, na pia Nolan Richardson, aliyekuwa kocha wa Arkansas ilipotwaa ubingwa mwaka 1994. Mwaka 1992 kikosi chake kiliitoa Kansas, moja ya timu zilizopewa nafasi kubwa ya kushinda. Ukumbi wa kikapu wa chuo umepewa jina lake. Alifariki mwaka 2008.

Watani wa jadi wa UTEP ni akina nani?

New Mexico State, wa Las Cruces, hakuna mjadala. Miji miwili iko umbali wa kama kilomita 70, inaunganishwa na barabara kuu ya I-10, na pambano lenyewe limepewa jina la barabara hiyo. Wenzao huitwa Aggies, kwa kuwa chuo chao kilianza kama chuo cha kilimo. Kwa hiyo hii ni vita ya wachimba madini na wakulima, na matusi ya majukwaani hufuata mkondo huo huo.

Timu hizi zilikutana kwenye futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza mwaka 1914, mwaka ule ule chuo cha El Paso kilipofunguliwa. Mshindi huchukua sepetu ya fedha. Chanzo chake ni sepetu ya zamani ya mchimba madini iliyopatikana kwenye mgodi uliotelekezwa katika milima ya Organ, jirani na Las Cruces. Kuna na kombe la pili, la mameya wa miji miwili, ambalo ni chombo cha shaba cha kutemea mate. Naam, cha kutemea mate. Wazee wa mpakani walitafuna tumbaku, na chombo hicho kilikuwa kila ofisi. Nimewahi kuona watu wazima wakikipigia busu pichani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mahasimu hawa si wageni wao kwa wao. Familia nyingi zina mtoto mmoja huku na mwingine kule. Mtu hufanya kazi El Paso na kulala Las Cruces. Anayeshindwa Jumamosi humkuta mshindi ofisini Jumatatu, ndiyo maana kelele ni nyingi na ngumi ni chache. Yeyote aliyekaa nyumba moja na mtu wa Simba na mtu wa Yanga anajua hali hiyo.

Wapinzani wengine ni New Mexico wa Albuquerque, waitwao Lobos. Hao ni wazito hasa kwenye kikapu.

Kuna uhasama gani na BYU?

Huu si utani wa jadi, ni kidonda. Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, kundi la wanariadha weusi wa UTEP walikataa kwenda kushindana na Brigham Young (BYU), chuo cha kanisa la Wamormoni kilichoko Provo, Utah. Kanisa hilo wakati ule halikuwapa weusi ukuhani (katazo liliondolewa mwaka 1978). Chuo kikawafukuza kwenye timu na kuwanyima ufadhili. Miongoni mwao alikuwa Bob Beamon.

Beamon alimaliza mwaka akifanya mazoezi bila chuo, akisaidiwa na mpinzani wake Ralph Boston. Oktoba, kwenye Olimpiki ya Mexico City, aliruka mita 8.90 katika kuruka umbali. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 1991. Chuo kile kile kilichosifiwa kwa usiku wa 1966 kilikuwa kimemtupa nje miaka miwili tu baadaye, na anayesimulia la kwanza bila la pili anasimulia nusu.

Jambo moja la pembeni: taji la kwanza na taji la mwisho kati ya yale sita ya riadha ya uwanjani, 1975 na 1982, UTEP waliyachukua Provo, kwenye uwanja wa BYU.

Na Washington State? Babu yangu husema Rono aliwasumbua sana.

Babu yako yuko sahihi. Katika miaka ya 1970 kocha John Chaplin wa chuo cha Washington State alikuwa na Wakenya, UTEP nao baadaye wakawa na Watanzania, na mbio za nyika za vyuo vya Marekani zikawa kama mashindano ya Afrika Mashariki yanayokimbiwa kwenye baridi. Mmoja wa Wakenya hao, Henry Rono, alishinda mbio hizo mwaka 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978 alifanya lile ambalo hakuna aliyelirudia: rekodi nne za dunia, mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000, ndani ya siku 81.

Lakini angalia kombe la timu. Mwaka 1976 na 1979 Rono alimaliza wa kwanza, na kombe likaenda El Paso, kwa sababu UTEP walikuwa na watu watano na yeye alikuwa mmoja. Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Tanzania nayo ilisusia Montreal, ila ilikwenda Moscow, na ndiyo njia aliyopitia Nyambui kupata medali yake. Rono alifariki Februari 2024.

Si walilalamikiwa kwa kuchukua wageni watu wazima?

Walilalamikiwa, na sana. Makocha wa vyuo vingine walisema haiwezekani kijana wa miaka 18 wa Marekani akimbie na mwanaume aliyekwisha kushiriki mashindano ya kimataifa. NCAA ikaweka kanuni zinazopunguza misimu ya mtu anayechelewa kuingia chuo huku akiendelea kushindana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila niliona siku zote ilikuwa ikitolewa kwa sauti kubwa zaidi na walioshindwa, na wachache waliuliza kijana wa Musoma angepata wapi nafasi ya chuo akiwa na miaka 18.

Mila gani mgeni anapaswa kuzijua?

Herufi M kubwa, nyeupe, iko ubavuni mwa kilima karibu na uwanja wa futiboli. Wanafunzi huipaka upya. Wale wa uhandisi wana siku yao ya Machi, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, wanayemhesabu kuwa mlezi wa wahandisi. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka mia, na inahusu wanafunzi wapya kuchafuliwa na kuchekwa kwa heshima.

Kwenye mechi, ukisikia "Picks up!" inua mkono kwa ishara ya sululu kama wenzako. Kinyago cha timu ni Paydirt Pete, mchimba madini mwenye ndevu na kidevu kikubwa. Wimbo wa kuhamasisha timu umechukua tuni ya wimbo wa zamani wa kikantri wenye jina la mji huo, kwa hiyo hata asiyesoma chuoni huuimba.

Mwanzo wa mwaka wa masomo kuna tamasha liitwalo Minerpalooza. Muziki, chakula, wachezaji kutambulishwa. Ukipitwa hujapoteza mengi.

Mbona futiboli yao ni dhaifu?

Swali lenye uchungu. Mara ya mwisho UTEP kushinda mechi ya bowl, zile za heshima za mwisho wa msimu, ilikuwa Desemba 1967, walipoifunga Mississippi 14 kwa 7. Tangu hapo wamefika kwenye mechi hizo mara kadhaa, ya karibuni ikiwa 2021, na kupoteza kila mara. Mwaka 2017 walicheza mechi 12 na kupoteza zote 12.

Uwanja wenyewe, Sun Bowl, uliofunguliwa mwaka 1963 katikati ya vilima, ni miongoni mwa viwanja vya kupendeza zaidi Marekani. Kila mwisho wa mwaka huandaa mechi maarufu ya jina hilo hilo, na waliozoea kuuona ushindi hapo ni timu za mbali. Mashabiki wa El Paso wana subira ambayo mimi sina.

Je, zama za wakimbiaji zimekwisha?

Mataji ya timu yalikoma 1982, lakini watu hawajaisha. Paul Ereng, Mkenya aliyeshinda dhahabu ya mita 800 Seoul 1988, aligeuka kuwa kocha hapo El Paso, na njia ya kutoka Bonde la Ufa ikafunguka upya. Anthony Rotich alishinda kuruka viunzi na maji miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Emmanuel Korir alikaa msimu mmoja, akachukua mita 800 za ndani na za nje mwaka 2017, akaondoka kwenda kuwa mtaalamu. Mwaka 2021 alikuwa bingwa wa Olimpiki jijini Tokyo, na mwaka uliofuata bingwa wa dunia.

Mwanangu anakimbia vizuri. Afanye nini ili achukuliwe?

Kwanza matokeo ya shule. NCAA ina kituo kinachokagua vyeti vya sekondari vya kila mgeni, na vyeti vya NECTA au KNEC vinakubalika, lakini masomo ya msingi lazima yafaulu. Tangu 2023 NCAA yenyewe haidai mtihani wa SAT. Chuo kinaweza kudai mtihani wa Kiingereza.

Pili, muda wake uwe umepimwa kwa saa ya umeme kwenye mashindano yanayotambulika. Kocha wa Marekani hasomi sifa, anasoma sekunde. Mwandikieni moja kwa moja kupitia anwani zilizo kwenye tovuti ya chuo. Yule wakala anayetaka pesa kwanza mwacheni alivyo.

Tatu, asikae nyumbani miaka mingi baada ya sekondari akiendelea kushindana, maana anajipunguzia misimu. Na ajue kwamba ingawa wanamichezo wa vyuo sasa wanaruhusiwa kupata pesa kwa matangazo, visa ya mwanafunzi inambana mgeni. Aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini chochote.

Misimu huwa lini, na UTEP wako ligi gani?

Futiboli ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, mbio za nyika Septemba hadi Novemba, kikapu Novemba hadi Machi, riadha ya ndani majira ya baridi, ya nje Machi hadi Juni. UTEP walikuwa Conference USA tangu 2005, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba wanahamia Mountain West kuanzia Julai 2026. New Mexico State hawamo katika safari hiyo, kwa hiyo pambano la I-10 litategemea ratiba za nje ya ligi.

Nikipita El Paso nianzie wapi?

Kidd Field, uwanja wa riadha. Mnamo Aprili 1996 Obadele Thompson wa Barbados, mwanafunzi wa UTEP, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.69 mjini humo, upepo ukiwa mkali mno nyuma yake kiasi kwamba muda haukuhesabiwa kuwa rekodi. Kutoka hapo tembea hadi Don Haskins Center. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, hivyo beba maji, na ukitaka kuvuka kwenda Juárez hakikisha visa yako ya Marekani inakuruhusu kurudi.